Pole ya Mwalimu kwa Mwalimu

Jambo kwenu mlioko Butembo, kuanzia Bulengera hadi Mususa, Kimemi na Vulamba. Jambo kwenu wa Beni mjini, wa Mulekera, Bungulu, Beu na Rwenzori. Jambo kwenu wa Mangina, Mbau, Oicha na Eringeti, na kwenu wa Kasindi pale mpakani. Leo nawasalimu kwa namna ya pekee walimu: mwalimu wa shule ya msingi, mwalimu wa sekondari, direkta, prefe wa masomo, na wakufunzi wa vyuo vikuu vyetu. Kama unasahihisha madaftari jioni hii, endelea na kazi yako, lakini nitegee sikio.

Mazungumzo ya leo yanahusu pole. Nazungumzia pole ya mwalimu kwa mwalimu mwenzake, ya shule kwa shule, hata ya nchi kwa nchi, pale watu wenye silaha wanapoingia mahali pa masomo na kuua. Na kuna swali ambalo hunifikia kila ninapogusa habari hii. Watu wananiuliza: sisi wenyewe tunazika kila mara, kwa nini tuwalilie watu wa mbali? Nani anatulilia sisi? Ni swali la haki. Anayeuliza hivyo hana moyo mgumu, amechoka tu. Nitajaribu kulijibu polepole, na nitaanza karibu kabisa na nyumbani.

Mnakumbuka usiku wa tarehe 16 Juni 2023? Usiku ule waasi wa ADF waliingia katika shule ya sekondari ya Lhubiriha, pale Mpondwe, wilaya ya Kasese, Uganda. Shule hiyo iko kama kilometa mbili tu kutoka mpaka wetu. Wanafunzi walikuwa wamelala. Bweni la wavulana lilichomwa moto na wao wakiwa ndani. Wasichana waliojaribu kutoroka walikatwa kwa mapanga. Watu zaidi ya 40 walikufa, wengi wao wanafunzi. Miili mingine iliungua kiasi kwamba wazazi hawakuweza kuitambua, ikabidi vipimo vya DNA vifanyike. Na wanafunzi wengine walitekwa, wakabebeshwa chakula kilichoporwa kwenye ghala la shule yao wenyewe, wakaingizwa katika mbuga ya Virunga, upande huu wa kwetu.

Sasa niulize: Mpondwe ni mbali? Mtu wa Kasindi anavuka daraja la mto Lubiriha asubuhi kwenda sokoni na kurudi kabla jua halijazama. Mukonzo wa ng'ambo ile na Munande wa huku wanasalimiana bila mkalimani. Ukoo mmoja una kaburi la babu Kasese na shamba la kahawa Beni. Serikali zinaona mpaka pale. Lakini bibi wa Kasindi ambaye mjukuu wake alikuwa akisoma ng'ambo, usiku ule mpaka ulimsaidia nini?

Na tusisahau yaliyotangulia. Miezi mitano tu kabla ya hapo, Jumapili ya tarehe 15 Januari 2023, bomu lililipuka Kasindi katika kanisa la Kipentekoste, waumini wakiwa kwenye ibada ya ubatizo. Basi mwaka mmoja, mto mmoja, kilio pande zote mbili. Tukirudi nyuma zaidi, tarehe 8 Juni 1998, ADF hao hao walivamia chuo cha ufundi cha Kichwamba, karibu na Fort Portal. Walifunga milango ya mabweni wakawasha moto. Vijana 80 walikufa na wengine wengi walichukuliwa. Na ukitafuta mahali ambapo kundi hilo lilifanya shambulio lake kubwa la kwanza, utaambiwa ni Mpondwe, Novemba 1996. Mwaka ule sisi huku tulikuwa na vita vyetu vya kumwangusha Mobutu, na wachache sana walitazama ng'ambo ya mto. Kisha kuanzia Oktoba 2014 mauaji yakafunguka Beni, na hayajafungwa mpaka leo.

Narudia jambo hili kwa sababu ndilo msingi wa mazungumzo yetu: moto uliochoma wanafunzi wa Kichwamba mwaka 1998 ulikuwa bado njiani kuja kwetu. Laiti tungewalilia vizuri wakati ule, tukauliza ni akina nani wanaofanya haya, wanapita wapi, wanalishwa na nani. Simlaumu mtu. Lakini kilio cha jirani kina habari ndani yake, na asiyekwenda kilioni hazisikii.

Hebu tutazame tunavyofanya wenyewe msiba unapotokea mtaani. Butembo mtu akifiwa, je, majirani wanatuma salamu kisha wanalala? Hapana. Mmoja analeta kuni. Mwingine analeta maharagwe au unga wa muhogo. Vijana wanatafuta viti na turubai. Akina mama wanashika jiko. Wanaume wanakesha kwenye moto pamoja na wafiwa. Na pembeni anakaa mtu mwenye daftari, anaandika: fulani ametoa hiki, fulani ametoa kile. Daftari lile linatunzwa, kwa sababu zamu huzunguka, na siku kwako kukiwa na msiba, watu watajua walipo. Hakuna anayeuliza kilio chako kina uzito gani ukilinganisha na changu. Kuni zinaletwa, basi.

Naamini pole ya walimu duniani inapaswa kwenda hivyo hivyo. Na naamini sisi wa Beni na Butembo tumo katika daftari hilo pande zote mbili, upande wa wanaopokea na upande wa wanaotoa. Tumezoea kujiona kama watu wa kupewa pole tu. Sikubaliani na mazoea hayo. Mwalimu wa Oicha aliyefundisha miaka kumi huku akisikia milio ya risasi ana jambo la kumwambia mwalimu mwenzake wa nchi yoyote, na litakuwa na uzito kuliko tamko la waziri.

Twende Kenya kidogo. Tarehe 2 Aprili 2015, watu wa Al-Shabaab waliingia Chuo Kikuu cha Garissa alfajiri. Waliua watu 148, karibu wote wanafunzi. Hiyo wengi wenu mnaikumbuka. Lakini kuna habari nyingine ya huko huko kaskazini-mashariki ya Kenya ambayo haijulikani sana kwetu, na mimi ningependa kila mwalimu wa Kivu aijue.

Novemba 2014, basi lililotoka Mandera kuelekea Nairobi lilisimamishwa na watu wenye silaha. Abiria walitengwa kwa dini, wasio Waislamu wakauawa, watu 28. Miongoni mwao walikuwamo walimu wengi, waliofunga shule na kurudi nyumbani kwa likizo ya Desemba. Fikiri: mwalimu amemaliza muhula, amenunulia watoto wake zawadi, yumo ndani ya basi. Baada ya hapo walimu wengi waliotoka sehemu nyingine za Kenya walikataa kurudi kule, na nani angewalaumu? Watoto wa Mandera na Garissa wakabaki na madarasa yasiyo na walimu.

Sasa sikilizeni kilichofuata. Desemba 2015, basi jingine, njia hiyo hiyo ya Mandera, karibu na El Wak. Washambuliaji wakaamuru tena abiria wajitenge, Waislamu huku, Wakristo kule. Abiria Waislamu wakakataa. Akina mama walikuwa wameshawapa wanawake Wakristo mitandio yao wajifunike. Katika basi lile alikuwamo naibu mwalimu mkuu mmoja, Mwislamu, jina lake Salah Farah. Alikuwa miongoni mwa waliokataa, akapigwa risasi. Alipelekwa Nairobi kutibiwa, na Januari 2016 akafariki. Serikali ya Kenya ilimpa nishani baada ya kifo chake, na filamu iitwayo Watu Wote, iliyotoka mwaka 2017, ilitengenezwa kutokana na kisa cha basi hilo.

Kwa nini nimewapeleka mpaka Mandera? Kwa sababu mwalimu yule alitoa pole yake kwa mwili wake. Wenzake wa mwaka uliotangulia waliuawa kwa kutengwa, naye siku yake ilipofika akakataa mtu atengwe. Na sisi Beni tuna ndugu yake katika jambo hilo. Tarehe 1 Mei 2021, Sheikh Ali Amini, aliyekuwa miongoni mwa viongozi wa Waislamu wa Beni, alipigwa risasi msikitini wakati wa sala ya jioni. Alikuwa akihubiri waziwazi dhidi ya wanaoua watu kwa jina la dini yake. Wiki chache baadaye, mwezi ule ule wa Mei, kiongozi mwingine wa Waislamu aliuawa.

Nawaomba walimu, na hapa nasema kwa nguvu: mwanafunzi wako akiandika kwenye ubao au akinong'ona kwamba Waislamu ndio wachinjaji, usipite kama hujasikia. Funga kitabu. Mwambie habari za Sheikh Amini wa Beni. Mwambie habari za Salah Farah wa Mandera. Darasani kwako huenda yupo mtoto mmoja Mwislamu, amekaa kimya nyuma, anangoja kuona mwalimu wake atasema nini.

Narudi kwenye swali letu, wasikilizaji. Nani anatulilia sisi?

Oktoba 2020. Tarehe 16, katika mji wa Conflans-Sainte-Honorine, Ufaransa, mwalimu wa historia na jiografia, Samuel Paty, aliuawa kwa kisu akitoka shuleni, kwa sababu ya somo alilofundisha kuhusu uhuru wa kusema. Siku chache baadaye Ufaransa nzima ilimuaga kwa heshima za kitaifa katika ua wa Sorbonne, na shule zilipofunguliwa baada ya likizo fupi, wanafunzi walisimama kimya kwa ajili yake. Miaka mitatu baadaye, tarehe 13 Oktoba 2023, mwalimu mwingine, Dominique Bernard, aliyefundisha fasihi ya Kifaransa, aliuawa katika shule yake mjini Arras. Shule zikasimama kimya tena.

Lakini mwezi ule wa Oktoba 2020, nini kilitokea Afrika? Tarehe 20, gereza la Kangbayi hapa Beni lilivunjwa, wafungwa zaidi ya 1,000 wakatoroka, na sisi tukalala kwa hofu. Tarehe 24, huko Kumba, Kamerun, watu wenye silaha waliingia darasani wakawapiga risasi watoto. Walikufa wasiopungua 6. Je, shule zetu zilisimama kimya kwa ajili ya watoto wa Kumba? Hapana. Hata sisi Waafrika hatukusimama. Basi tunapolalamika kwamba dunia haitulilii, na tuanze kwa kujiuliza sisi tumemlilia nani.

Mimi sioni sababu ya kumwonea wivu mfiwa wa Conflans. Mjane hampunguzii mjane mwenzake machozi. Ninachokitamani kwa Wafaransa ni jinsi walivyomlilia mtu wao. Walijua jina lake. Walijua alifundisha nini. Waliona picha yake. Wanafunzi wake walieleza alivyokuwa darasani. Sisi watu wetu wanakufa wakiwa idadi. Redio inasema watu 10, watu 15, watu 20. Na nakiri kwamba sisi watangazaji ndio tunaoisema idadi hiyo kisha tunaweka muziki.

Nani basi anayajua majina? Fikirini vizuri. Ni mwalimu. Kila asubuhi anafungua rejista anaita: Kambale, Masika, Paluku, Kavira, Muhindo. Mtoto asipoitika siku moja, mwalimu anafikiri ni malaria. Siku ya pili anauliza jirani yake wa benchi. Siku ya tatu anasikia kwamba familia ilikuwa shambani, kwenye kakao, na haikurudi. Katika mitaa yetu yote hakuna karatasi inayotunza jambo hilo kwa uaminifu kuliko rejista ya shule. Ndiyo maana nasema mwalimu wa Beni ana kitu ambacho wizara haina na majeshi hayana. Rejista hizo zisiachwe ziliwe na mchwa. Kwa ruhusa ya familia, shule iandike kurasa mbili tu: huyu alikuwa nani, alipenda somo gani, aliimba sauti gani kwenye kwaya. Tukiwa na kurasa hizo, mwalimu wa Arras au wa Garissa akituuliza atupe pole kwa ajili ya nani, tutakuwa na jibu.

Na njia za kupeleka zipo. Vyama vyetu vya walimu vina wenzao nje. Kuna shirikisho la kimataifa la vyama vya walimu, Education International, lenye makao Bruxelles, na ndani yake mna vyama vya Kongo, vya Uganda na vya Kenya. Kuna pia walimu wanaofuata njia ya Célestin Freinet, ambao shirikisho lao la kimataifa lipo tangu 1957, na Waafrika wamo. Huyo Freinet nampenda, niacheni niseme kidogo habari zake. Alikuwa Mfaransa, mwalimu wa kijijini, aliyejeruhiwa mapafu katika Vita Kuu ya Kwanza. Sauti yake ilikuwa dhaifu, hawezi kuhutubia darasa siku nzima. Mwaka 1924 akaingiza mashine ndogo ya kuchapia darasani, huko Bar-sur-Loup. Watoto wakaandika habari za maisha yao, wakazichapa wenyewe, wakazituma kwa darasa la shule nyingine upande wa pili wa nchi, na darasa lile likajibu. Na vita vya Uhispania vilipowaka, shule yake ya Vence ilipokea watoto wakimbizi wa Kihispania. Walikula pale, walilala pale, walisoma pale.

Hiyo ndiyo pole ninayoitafuta. Mmenielewa? Mtoto mkimbizi amepewa nafasi kwenye benchi. Na hapa niwasifu watu wa Butembo, maana mnafanya hivyo bila mtu kuwapiga picha. Familia zilipokimbia kutoka Mbau, kutoka Eringeti, kutoka bonde la Semliki, mliwapokea majumbani. Baada ya Kanyabayonga kuchukuliwa na waasi wa M23 mnamo Juni 2024, wengine wakaja kutoka kusini ya Lubero. Madarasa yenye watoto 50 yakawa na 80. Mwalimu ambaye mshahara wake haumtoshi hata yeye akagawa chaki. Lakini kuna shule bado zinamwambia mtoto aliyekimbia: leta kwanza bulletin yako, leta karatasi ya kuhama. Jamani! Karatasi hiyo imebaki kwenye nyumba iliyochomwa. Mkaribisheni akae, karatasi zitatafutwa baadaye.

Tena, shule si kambi. Kongo ilijiunga mwaka 2016 na Tamko la Shule Salama, lililozinduliwa Oslo mwaka 2015, ambamo nchi zinaahidi kuzikinga shule na mashambulizi na kuzizuia zisitumiwe na wanajeshi. Ahadi hiyo ni yetu, wazazi wana haki ya kuikumbusha. Na wanafunzi wa Beni walishaonyesha kwamba wanajua kukumbusha: Aprili 2021 walipiga kambi siku kadhaa mbele ya ofisi ya meya, wakidai amani, na walikuwa watoto wa sare za bluu na nyeupe.

Sasa nimalizie na jambo la kufanya, maana sipendi tuagane hivi hivi. Tarehe 16 Juni, ile ile ya Mpondwe, ni Siku ya Mtoto wa Afrika. Inakumbuka wanafunzi wa Soweto waliopigwa risasi mwaka 1976 wakiandamana kuhusu lugha ya masomo. Siku hiyo mara nyingi tunafanya gwaride na hotuba. Mwaka huu naomba shule za Butembo na Beni zitenge saa moja, kuanzia darasa la tano kwenda juu. Mwalimu awasimulie watoto habari ya Lhubiriha kwa maneno yanayofaa umri wao, kisha kila darasa liandike barua moja kwa wanafunzi wa Mpondwe. Mtoto ambaye naye amefiwa asilazimishwe kusoma mbele ya wenzake. Akitaka kuchora, achore.

Msiandike barua ya huzuni tupu. Waelezeni mnasoma nini, mnacheza nini, mvua imenyeshaje kwenu, mtihani wa taifa unawatia hofu kiasi gani. Waulizeni maswali, maana barua isiyo na swali haijibiwi. Andikeni kwa Kiswahili au kwa Kinande, wenzetu Bakonzo watasoma bila shida. Madirekta waziweke barua katika bahasha moja kwa kila shule na kuzifikisha kwa kiongozi wa chama cha walimu wa mji au wa eneo, naye atafute njia ya kuzivusha Kasindi. Shule ya Kasindi ambayo iko tayari kupokea mzigo huo na kuuvusha, itupigie simu hapa redioni wiki hii. Majibu yakirudi, tutayasoma katika saa hii hii, na mtoto aliyeandika atataja mwenyewe jina lake na darasa lake.